Wape Liemba wabishane

Mdogo wangu uliyeuliza swali la falsafa la kuwapa fomu faivu kwenye mdahalo, mbona lipo hapohapo Kigoma, ile meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Imeundwa Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipandevipande, ikaungwa Kigoma 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaja kuiibua 1924, 1927 ikapewa jina jipya, na baadaye injini ya stimu ikang'olewa ikawekwa ya dizeli. Sasa waulize, hiyo ni meli ileile au nyingine??

Wagiriki walishabishana hivihivi kuhusu meli ya Theseus, shujaa wa hadithi zao, mbao zikioza zinabadilishwa mojamoja, halafu akaja Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, akachokoza zaidi, je mtu akiziokota zile mbao kuukuu akaunda meli nyingine, ipi ndo yenyewe? Hapo darasa litawaka.

Mi nipo upande wa wanaosema ni ileile, maana bibi yangu Ujiji ana jembe, mpini umebadilishwa sijui mara ngapi na chuma chenyewe kilinunuliwa kipya juzi tu, we jaribu kuligusa uone, "lete hapa jembe langu la tangu niolewe" 😂