Kabla ya Biriani, Tazama Choo

SWALI: Shikamoo Bibi. Baada ya Idd nimepanga kuwakusanya nyumbani kwangu, hapa Tanga, wazee tisa wa ukoo wetu, ambaye mkubwa wao ana miaka 86. Mwaka jana niliwaalika vivyo hivyo nikapika biriani ya kutosha watu thelathini, lakini baba mkubwa alikaa pembeni bila kusema neno, shangazi hakugusa maji wala juisi, na kabla ya saa kumi wote walikuwa wameomba kurudishwa makwao. Niliumia, kwa kuwa sikuona nilipokosea. Mama yangu anatembelea mkongojo, wawili wana kisukari, na baba mkubwa hasikii vizuri. Nyumba ina ngazi mbili za kuingilia, na choo, ambacho ni cha kuchuchumaa, kiko uani. Nifanyeje safari hii?
Mwenyeji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako biriani imetangulia na choo kimekuja mwisho kabisa, ilhali nina hakika kwamba wageni wako walikuwa wakiyafikiria mambo hayo kwa mpangilio wa kinyume. Mtu ambaye magoti yake hayakunjiki, anapoalikwa katika nyumba asiyoizoea, hujiuliza kwanza atakwenda haja wapi, atainukaje, na nani atamshika. Asipoona jibu, huamua kutokunywa kitu. Mimi naamini hilo ndilo lililomzuia shangazi yako, wala hakuudharau ukarimu wako. Na kwa kuwa uzee hupunguza hisia ya kiu, mzee asiyekunywa katika joto la Tanga huanza kuzungukwa na kichwa kabla hajajua kwamba mwili umekauka, na hapo ndipo huomba kurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo anza na choo. Tafuta katika maduka ya vifaa vya hospitali, au umwagize fundi wa kuchomelea, kiti cha chuma chenye tundu katikati na mikono miwili ya kushikilia, kiwekwe juu ya tundu la choo, na miguu yake ivalishwe mpira. Usitoboe kiti cha plastiki, kwa sababu miguu yake hupanuka kwenye sakafu yenye maji, nami nimewahi kumwona mtu mzima akienda nacho chini. Sakafu ikaushwe kila mara baada ya mtu kutoka. Kopo na ndoo viwekwe juu ya kigoda, mahali ambapo mkono unafika bila mtu kuinama, kwa kuwa wengi huanguka wakati wa kuokota kopo. Komeo la ndani lifungwe kwa kamba lisitumike, na mjukuu asimame nje kwa mbali, akilinda mlango. Halafu, wageni wakishafika, mwanamke awaonyeshe wanawake na mwanamume awaonyeshe wanaume, kwa sauti ya chini, bila ya kulitangaza jambo hilo barazani.

Njia ya kutoka sebuleni hadi uani nayo uipite wewe mwenyewe jioni moja, polepole, ukiwa na mkongojo wa mama mkononi. Utaona mwenyewe zulia lililokunjika pembeni, waya wa feni uliokatiza mlango, na kizingiti ambacho umekuwa ukikiruka kwa miaka bila kukifikiria.

Kuhusu ngazi, usidanganyike ukaegemeza ubao. Mteremko salama huhitaji urefu wa mara 12 ya kimo chake, kwa hiyo ngazi mbili za sentimita 15 kila moja zitakudai mteremko wa mita 3.6, na ubao mfupi wa wima ni mtego. Kwa mtu wa mkongojo, bomba imara la kushikilia kando ya ngazi linafaa zaidi. Wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia. Wakati wa kushuka, mkongojo na mguu mbovu ndivyo vinavyotangulia. Anayemsindikiza awe upande wa chini daima, yaani nyuma yake anapopanda na mbele yake anaposhuka. Weka pia kiti mlangoni kwa ajili ya kuvulia viatu, na wenye kisukari uwape kandambili safi za ndani, kwani wengi wao nyayo zimepungua hisia na huweza kukatwa na kigae wasijue.

Sasa baba mkubwa. Kwetu tumezoea kupanga viti mstari mmoja ukutani kama tuko kwenye foleni ya zahanati, na katika mpangilio huo kila mtu humsikia jirani yake tu. Panga viti kwa duara ndogo za watu watatu au wanne. Yeye mpe kiti chenye mgongo ukutani, mbali na spika na jikoni, na wanaozungumza naye mwanga wa dirisha uwaangukie usoni, ili aone midomo yao. Usimpigie kelele. Sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, kama zile za «s» na «f», na kupaza sauti hakuzirudishi, bali maneno ya taratibu humsaidia. Afadhali pia umtembelee wiki moja kabla, umwombe awaeleze vijana nasaba ya ukoo, na umletee picha za zamani ili awataje waliomo. Mtu aliyepewa kazi haketi pembeni.

Viti viwe na mikono, na kimo cha sentimita 45 hadi 50, kwani makochi yanayommeza mtu humlazimisha kuomba kuinuliwa mbele ya watoto. Hata hivyo, bibi akisema anataka jamvi lake na mto wa kuegemea, mtandikie. Na usisahau kiti kimoja katika chumba cha kuswalia, pamoja na maji ya udhu juu ya meza.

Chakula kisicheleweshwe. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge fulani vya kisukari, akiahidiwa mlo wa saa saba ukafika saa tisa, sukari yake inaweza kushuka, naye akatoka jasho, akatetemeka na kuongea ovyo. Akiwa bado anameza vizuri, mpe nusu glasi ya soda yenye sukari. Akipoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni, bali mkimbize hospitali. Wali upunguzwe, mboga ziongezwe, nyama iive hadi iachane na mfupa, na achari ikae pembeni. Usimwandalie mgonjwa sahani ya peke yake, kwa kuwa hilo humtia haya.

Kuhusu kuondoka kabla ya saa kumi, nadhani umejilaumu bure. Macho ya wazee hayapendi magharibi, na wengi hutaka kufika kwao kungali mchana. Waalike saa nne asubuhi, mle saa sita na nusu, na gari liwe tayari saa tisa na nusu. Mama akae mbele, kiti kikisogezwa nyuma kabisa, aketi kwanza akiwa ameutazama mlango, kisha ndipo aingize miguu yote miwili kwa pamoja.