Posho, matoke na jibu la 63/60

Ndugu, swali lako ni hili: darasa la S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari Uganda) lina wanafunzi 60. 34 wanapenda posho (ugali), 29 matoke (ndizi za kupika), 11 hawapendi chochote kati ya hivyo. Mwanafunzi mmoja akichaguliwa bila kupanga, kuna uwezekano gani kwamba anapenda posho au matoke? Ukajumlisha, ukapata 63/60 kwa "posho au matoke". Uwezekano haupiti 1 hata siku moja. Kwa hiyo kuna watu wamehesabiwa mara mbili.

Anza na wale 11. Toa kwenye 60, wanabaki 49, nao ndio wanaopenda angalau kimoja: jibu ni 49/60. (Wanaopenda vyote wamo humo.) Halafu 63 − 49 = 14. Hawa 14 walihesabiwa kwenye posho, wakarudiwa kwenye matoke. Uwezekano wa kupenda vyote ni 14/60, yaani 7/30.

Ukichora miduara miwili inayopishana, mmoja wa posho na mmoja wa matoke, jaza katikati kwanza: 14. Wengi hukosea hapa kwa kuandika 34 upande wa posho, wakati wale 14 wamo ndani ya hao 34. Posho pekee ni 20, matoke pekee 15, nje ya miduara 11. Jumlisha: 20 + 14 + 15 + 11 = 60. Isipotimia 60, usiendelee na kipengele kinachofuata. Wakikuuliza "kimoja tu", ni 35/60, si 49/60.

Usizidishe 34/60 kwa 29/60 ili kupata "vyote". Itakuja kama 0.27, na jibu sahihi ni kama 0.23. Kuzidisha hivyo kunafaa pale tu tukio moja lisipoathiri jingine, na swali hili halikusema hivyo.

Mtego mwingine: "Aliyechaguliwa anapenda posho. Je, kuna uwezekano gani apenda matoke pia?" Hapo asili (namba ya chini ya sehemu) si 60 tena, ni 34. Jibu ni 14/34, sawa na 7/17.

Karata ni zoezi zuri, na wacheza matatu (ule mchezo wa karata wa Uganda) mnazo nyumbani. Ondoa jokari zibaki 52. Mfalme au kopa: 4 + 13 − 1 = 16, maana mfalme wa kopa yumo kote kuwili. 16/52 ni 4/13.

Vikiwa vyakula vitatu, jumlisha vyote, toa kila jozi inayopishana, kisha rudisha wanaopenda vyote vitatu, kwa sababu katika kutoa jozi umewafuta kabisa.