Kwa aliyemaliza Willy Gamba na Joram Kiango: riwaya za kukukesha

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Umesema Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, umemmaliza, Joram Kiango wa Ben Mtobwa umemmaliza, Bwana Msa, mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, ulianza naye shuleni, na sasa unataka riwaya mpya: za kusisimua, za kutisha, zenye taharuki, ziwe za Kiswahili au za Kiingereza kisicholazimisha kamusi. Waliotangulia wamekumwagia majina bila neno la maelezo, kwa hiyo umebaki palepale. Mimi nitataja chache ninazozijua vizuri na kusema kila moja inamfaa msomaji wa aina gani.

Kwanza, nadhani najua kilichokuchosha. Ukishika kitabu cha Musiba, kuanzia Kufa na Kupona cha 1974 hadi Njama cha 1981, unajua tangu mwanzo kwamba Willy hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, mrembo atamgeuka, lakini hafi, maana kitabu kinachofuata unacho kabatini. Ni hivyohivyo kwa Joram wa Ben Mtobwa: mwenzi wake Nuru yupo pembeni, na atakayezikwa ni adui. Siwabezi hata kidogo. Vitabu vile vilikuwa na kazi yake. Dar ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) tangu 1963, makaburu walikuwa adui wa kweli, na msomaji alitaka tushinde, walau kwenye karatasi. Msisimko ulikuwepo tele. Hofu ndiyo haikuwepo, na hiyo ndiyo unayoitafuta sasa. Waandishi wazuri wa siku hizi wamemwondoa yule shujaa asiyekufa. Wanakuwekea mtu dhaifu, au mwenye hatia, au mtoto, halafu wanakuacha uhangaike naye.

Ndiyo maana cha kwanza ninachokupa ni My Sister, the Serial Killer cha Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, cha 2018. Kinaanza na simu: Ayoola anampigia dada yake, Korede, kumwambia ameua. Aliyeuawa ni mchumba wake wa tatu. Korede ni nesi, mtu wa usafi na utaratibu, naye anakwenda na jiki na vitambaa kama anayeitwa kazini. Ile sehemu ya kusafisha bafu ndiyo iliyonishika. Mwandishi hapigi kelele wala hamwagi maelezo ya damu. Anakuonyesha tu mwanamke anayejua damu hujificha wapi, na ghafla unaelewa kwamba hii si mara yake ya kwanza. Maiti inatupwa majini kutoka daraja la Third Mainland kule Lagos. Siku chache baadaye mdogo mtu anataka kuweka picha mtandaoni, na dada anamkemea: mchumba wako kapotea, jifanye basi una huzuni. Utacheka, halafu utajishangaa kwa nini umecheka.

Hapo hakuna fumbo la nani kaua. Tabu inaanza pale daktari ambaye Korede anampenda kimyakimya anapomwona Ayoola na kuanza kupeleka maua. Kumwonya ni kumsaliti ndugu, kunyamaza ni kumzika mtu akiwa hai. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini nzito kiasi gani? Sura zake ni fupi sana na Kiingereza chake ni cha mazungumzo, utakisoma ndani ya daladala bila kupotea. Mwaka 2019 kiliingia kwenye orodha ndefu ya tuzo ya fasihi ya Booker, jambo lisilo la kawaida kwa kitabu cha mauaji. Kasoro yake ni kwamba kinaisha mapema, nilitaka kurasa hamsini zaidi.

Ukiipenda mbinu hiyo ya kukwambia muuaji tangu mwanzo, nenda Japani kwa Keigo Higashino, The Devotion of Suspect X. Kilitoka 2005 na kikapata tuzo ya Naoki ya kwao Japani, tafsiri ya Kiingereza ikaja 2011. Najua umesema mpya, lakini kitabu ambacho hujakisoma ni kipya kwako. Mama anayelea binti peke yake anamuua mume wake wa zamani aliyekuja kumsumbua. Jirani yao, mwalimu wa hesabu asiye na rafiki, anabisha hodi na kusema atawasaidia. Kuanzia hapo unasoma jinsi mtu mwenye akili ya namba anavyopanga ushahidi, huku rafiki yake wa chuoni, mwanafizikia, akishirikiana na polisi kuufumua. Unadhani umeona kila kitu kwa sababu mauaji yalifanyika mbele ya macho yako. Hujaona. Sisemi zaidi ya hapo, na nakuomba usisome maelezo ya mtu yeyote kabla hujamaliza.

Cha tatu kitawagusa hasa watu wa huku kwetu: Lightseekers cha Femi Kayode, 2021. Sote tunaijua ile sentensi ya magazetini, "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Tunaisoma, tunageuza ukurasa kutafuta mpira. Kayode ameichukua sentensi hiyo na kuiandikia riwaya nzima. Wanafunzi watatu wa chuo wanaitiwa mwizi katika mji wa kubuni karibu na Port Harcourt, wanapigwa na kuchomwa moto hadharani, na video inasambaa. Waliowaua wanaonekana kwenye video. Ndipo baba wa mmoja wa marehemu anapomwajiri Philip Taiwo, mwanasaikolojia aliyerudi kutoka Marekani, amtafutie jibu la swali moja: kwa nini? Philip hana bunduki, hajui njia za mji, na wenyeji hawataki kuzungumza. Dereva wake, Chika, ndiye anayejua mambo, na mimi nilimpenda Chika kuliko yeye. Kisa kina mizizi ya kweli, maana Oktoba 2012 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Port Harcourt waliuawa namna hiyo kijijini Aluu. Katikati kinapunguza mwendo kidogo, vumilia. Kuna mwendelezo wake, Gaslight wa 2023, unaohusu kanisa kubwa la mahubiri, lakini anza na hiki.

Mdau mmoja hapo juu ametaja Nairobi Heat cha Mukoma wa Ngugi. Ni kizuri kwa mtu anayetoka moja kwa moja kwa Willy Gamba, kwa sababu risasi zipo na miji ni miwili. Maiti ya msichana wa Kizungu inakutwa mlangoni kwa profesa wa Kinyarwanda huko Madison, Wisconsin, na mpelelezi Ishmael, Mmarekani mweusi, anaambiwa kwa simu kwamba jibu liko Nairobi. Hofu si kubwa. Mwendo upo.

Sasa kutisha. Hapa naomba tuelewane, maana watu wengi wakisikia riwaya ya kutisha wanafikiria majini na makaburi, basi. Kitabu kilichonitisha kuliko vyote katika miaka ya karibuni ni The Reformatory cha Tananarive Due, 2023. Ni Florida mwaka 1950. Robert ana miaka 12. Anampiga teke mtoto wa tajiri Mzungu aliyekuwa akimchokoza dada yake, Gloria, na hakimu anamtupa miezi sita katika shule ya marekebisho. Robert ana kipaji cha kuona mizuka, na shule ile imejaa mizuka ya wavulana waliofia humo. Mkuu wa shule anakigundua kipaji hicho na kumtaka amsaidie kuwanasa. Fikiria: huyo mtu aliwatesa wakiwa hai, sasa anawafuata hadi kuzimu. Wakati huohuo Gloria yuko nje anahangaika na mawakili, na kila mlango anaobisha unafunguliwa nusu.

Kinachouma ni kwamba kisa hiki hakikutoka hewani. Shule ya Dozier pale Marianna, Florida, ilikuwepo hadi 2011, na baada ya kufungwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha South Florida walifukua makaburi 55. Mmoja wa waliofia humo, mwaka 1937, ni kijana Robert Stephens, mtu wa ukoo wa mwandishi, na ndilo jina alilompa mhusika wake. Ukishajua hilo, mizuka haikutishi tena. Unaanza kuwaogopa walio hai na funguo zao mkononi. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa 500, lakini theluthi ya mwisho nilikosa hata nafasi ya kunywa maji. Angalizo: kuna watoto wanachapwa humo ndani, na mwandishi hafumbi macho. Kama wewe ni mzazi wa mtoto mdogo, jiandae.

Mexican Gothic cha Silvia Moreno-Garcia (2020) ni kwa anayependa jumba la zamani lenye siri: binti wa mjini, Noemí, anakwenda milimani kumwangalia binamu yake aliyeolewa na familia ya ajabu, na kuta za nyumba ile zina ukungu unaotembea. Nusu ya kwanza inajikokota. Nusu ya pili inalipa. The Only Good Indians cha Stephen Graham Jones (2020) ni kigumu kidogo kwa lugha, hivyo kiache cha mwisho. Wanaume wanne wa kabila la Blackfeet walivunja mwiko wa uwindaji, wakaua wanyama mahali wasiporuhusiwa, na miaka kumi baadaye mnyama aliyeuawa anakuja kudai. Yeyote aliyelelewa na wazee wanaojua miiko ya pori hatahitaji kuelezwa kwa nini kitabu hiki kinatisha.

Upande wa Kiswahili, wengi mnamjua Hussein Tuwa kwa Mfadhili ya kidato cha tano na sita, mkaishia hapo. Mnajinyima. Tafuteni Mkimbizi, kisha Mtuhumiwa. Katika Mkimbizi anayekimbia ni mwanamke, na ile hakika ya Willy Gamba kwamba lazima atoke salama haipo tena. Kwa anayetaka njama za kimataifa kuna Kolonia Santita ya Enock Maregesi, iliyokuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiafrika ya 2015. Inapambana na wafanyabiashara wa dawa za kulevya hadi Mexico, na ni ndefu, wahusika kibao, weka karatasi pembeni uandike majina.

Riwaya ya kutisha ya Kiswahili iliyochapwa kitabu ni chache mno, hapo sitakudanganya. Karibu zaidi ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, ambapo babu anatoka kaburini kumjia mjukuu wake, mkubwa wa serikali anayeitwa K tu. Lakini ile ni riwaya ya kufikirisha na kuisema nchi, usiingie ukitarajia kupiga mayowe. Hadithi zetu za kutisha zimekaa kwenye magazeti pendwa na kwenye simu: vipande vya kila siku, "itaendelea", halafu mtunzi anaomba hela ya vocha na kutokomea. Nyingine ni nzuri kweli. Tatizo la hadithi ya vipande ni kwamba kila kipande kinalazimika kuishia kwenye mlango unaogongwa, na baada ya milango thelathini hujali tena nani yuko nje.

Malighafi tunayo hadi ya kumwaga. Chukua popobawa wa Zanzibar, yule zimwi aliyesemekana kuvamia watu usiku, 1995, mwaka uleule wa uchaguzi wa vyama vingi. Watu walihama vitandani na kulala nje kwa makundi, wamekoka moto, kila mmoja akimlinda mwenziwe. Mtaa mzima uko macho, siasa zimechacha, jirani humwamini, na kuna kitu kinaingia nyumbani kwa watu usiku. Mwandishi gani anahitaji zaidi ya hapo? Bado naisubiri riwaya nene ya tukio lile, na kama kuna mtu ameiandika, alete jina hapa nitainunua leo.

Kuhusu kuvipata: vya mtumba, iwe pale barabarani Dar au inama bookshop za Nairobi (vitabu vilivyotandazwa chini, unainama kuchagua), utakutana zaidi na akina James Hadley Chase na Sidney Sheldon. Vya miaka ya karibuni huwa ni bahati. Maduka makubwa ya vitabu huagiza ukitoa oda, bei inauma. Njia rahisi ni kusoma kwenye simu: karibu kila kitabu cha kielektroniki kina sura za mwanzo za kuonja bure, onja kabla ya kulipa. Kama mfuko umetoboka kabisa, Dracula cha 1897 kinapatikana bure na kwa halali kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, na sura nne za kwanza, zile za ngomeni, bado zinatisha kuliko filamu zake. Za Kiswahili tafadhali nunueni. Akina Tuwa na Maregesi wanachapa nakala zao kwa tabu, na PDF za kwenye magrupu hazimrudishii mtunzi hata nauli.

Kwa hiyo mkuu, mwezi huu chukua cha Braithwaite, ukikimaliza nenda kwa Higashino, halafu The Reformatory ukiwa na likizo. Wengine mtakaochangia, ongezeni vyenu, ila asitokee mtu wa kuandika hapa jirani mwalimu wa hesabu alifanya nini.