Usiwagawie waumini wachanga ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja

Salamu tutapeana siku nyingine. Kwanza izuie hiyo ratiba isifike kwa mtu wa fotokopi. Umeandika kwamba huko Tandahimba mna waumini waliobatizwa hivi karibuni, na kwamba kuanzia Januari unataka kila mmoja aisome Biblia yote nyumbani kwake, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, nanyi mkutane kila Jumapili kukagua alama za vema. Umeuliza pia Biblia za bei nafuu zinapatikana wapi, na kama wanawake wawe na kundi lao. Hayo mawili yangoje; hilo la ratiba ndilo limenikosesha utulivu, kwa kuwa ratiba ya namna hiyo niliigawa mimi mwenyewe kule Newala, na chungu cha watu kikavunjika. Sisemi kwa mafumbo: ni chungu cha udongo, cha kupikia.

Piga hesabu kwanza. Biblia ina sura 1,189, yaani zaidi ya sura tatu kwa siku bila kukosa. Atakayeanza tarehe 1 Januari atafika Mambo ya Walawi mwishoni mwa mwezi huo, wakati kwetu watu wanashinda shambani kwa palizi. Injili ya Mathayo ataifikia katikati ya Oktoba, korosho zinaanguka na kijiji kizima kiko mikoroshoni. Kwa hiyo umembatiza mtu kwa jina la Yesu, kisha umempangia asome habari za Yesu katika majuma ambayo hata mchungaji hamwoni kanisani.

Katika kundi langu alama za vema zilijaa mpaka nikajiona Paulo mdogo. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba wengi walikuwa wakiziweka Jumapili asubuhi, wakiwa njiani. Aliyesoma kweli alikuwa kijana mmoja, fundi baiskeli, mwenye bidii na hofu ya Mungu, aliyekuwa amehamia ukweni kama desturi yetu Wamakonde ilivyo. Akafika Walawi 11 akiwa peke yake, usiku, kwa tochi ya simu. Mstari wa 29 unamtaja panya kuwa najisi, na mstari wa 33 unasema chombo cha udongo alichoangukia mnyama wa namna hiyo kivunjwe. Wasomaji wa huku hamhitaji kuelezwa. Kwa wengine, samaki nchanga ni panya wa shambani, na kwetu ni kitoweo cha heshima. Kesho yake mama mkwe alikuwa amemwandalia mkwewe hicho hicho. Kijana akainuka, akasoma aya kwa sauti, akakivunja chungu mbele ya wageni.

Mama huyo alikuwa ameanza kuuliza habari za kanisa letu. Hakuuliza tena. Wajomba wa mke waliitisha kikao, nami na mzee wa kanisa tukaenda kuomba radhi tukiwa na chungu kipya, ambacho hakuna aliyekipokea kutoka mikononi mwetu. Kijana aliona aibu kwao na aibu kwetu pia, kwa sababu mimi nilimwambia mbele ya watu kwamba amekosea, ilhali alikuwa ametenda neno kwa neno lile nililomwagiza asome. Mpaka leo tukikutana barabarani anashuka kwenye baiskeli na kujifanya anakagua mnyororo. Laiti tungalianza na Marko, angaliikuta sura ya 7, ambamo Yesu anabishana na Mafarisayo juu ya kunawa mikono na desturi za kuosha vikombe na vyombo, na mstari wa 19 unasema alivitakasa vyakula vyote.

Na yule mwalimu wa semina aliyetuuzia ratiba ile! Alikuja na begi la karatasi, akatuhakikishia kwamba Roho Mtakatifu atamfafanulia kila mtu nyumbani kwake na kwamba anayechelewa ratiba hafai kuwa mwanafunzi, akala kuku wetu, akapanda basi la asubuhi. Nilipompigia kumweleza habari ya chungu, aliniambia tatizo ni maombi machache. Bwana huyu hakukumbuka kwamba yule Mkushi wa Matendo 8, mtunza hazina wa malkia na msomi kuliko sisi sote, alikuwa na chuo, yaani kitabu, cha Isaya mikononi na bado Filipo alilazimika kupanda garini na kuketi naye. Askofu Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alipowaleta Masasi watumwa waliokombolewa mwaka 1876, Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa haijachapishwa, kwa hiyo hawakuwa na ratiba ya kuwekea alama, na kanisa likasimama.

Shika hili hata ukiacha mengine yote: usimwachie muumini mchanga sura ambayo hamjaisoma pamoja kwa sauti. Anzeni na Marko, sura 16 tu, ambayo msomaji mzuri huimaliza yote kwa chini ya saa mbili. Kaeni wawili au watatu barazani, someni sura moja, kisha kila mmoja aisimulie kwa maneno yake, kwa Kimakonde akipenda, wewe ukisikiliza alichoelewa. Nyumbani airudie sura hiyo hiyo, asikimbilie mpya. Akiisha kuweza kuisimulia kwa mwingine, mpe huyo mwingine aketi naye. 2 Timotheo 2:2 inaagiza mafundisho yakabidhiwe watu, wala haitaji karatasi. Walawi mtaifikia, lakini mkiwa mmekwisha kupita Matendo 10 (maono ya Petro juu ya vyakula najisi) na 15 (kikao cha Yerusalemu juu ya Torati), na mkiwa mmeketi pamoja.

Ukimwona mzee anayeshika Biblia bila kufunua ukurasa, usimpe zamu ya kusoma mbele ya vijana. Mpe zamu ya kusimulia sura ya juma lililopita, nawe usome kabla yake, polepole, mara mbili.