Kufuli huachiwa, haliachwi

SWALI: Naandika maelezo ya marekebisho ya kiendeshaji cha diski (programu inayoiendesha diski) katika kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux. Niseme uzi "umefunga kufuli" au "umeshika kufuli"? Na dedloku niiteje?

JIBU: Sema umeshika. Kufuli hapa ni alama inayoruhusu uzi mmoja tu, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji wa programu, kugusa data fulani kwa wakati mmoja. "Kufuli limefungwa" haisemi nani kalifunga, na katika hitilafu za aina hii hilo ndilo swali lenyewe. Isitoshe, faili hufungwa, programu hufungwa, na kiendeshaji nacho hufungwa. "Kufuli la foleni limeshikwa na uzi wa pili" halina utata.

Kinyume chake ni kuachia, si kuacha. Irabu moja tu, lakini maana inapinduka. Tazama kazi (function) ya kusoma diski: inashika kufuli, inaomba nafasi ya kumbukumbu, inaikosa, inarudi na kosa palepale bila kuufikia mstari wa spin_unlock, amri ya kuachia kufuli. Kazi hiyo imeacha kufuli, yaani imeondoka ikalisahau. Ukiandika "imeacha" nawe unakusudia "imeachia", umeeleza hitilafu mahali pa marekebisho.

Atakayelitaka kufuli hilo baadaye atakwama. Dedloku ni zaidi ya hapo: ni kukwamishana, kwa kuwa kila mmoja anamzuia mwenzake. Uzi wa kwanza umeshika kufuli la foleni unangoja la diski. Wa pili umeshika la diski unangoja la foleni. Dawa ni mpangilio mmoja kila mahali: la foleni kwanza, la diski baadaye. Lockdep, zana ya kukagua kufuli iliyomo ndani ya kerneli tangu 2006, huonya ikikuta mpangilio umepinduliwa, hata kama nyuzi bado hazijakwamishana.

Uzi na kikatizo (ishara ya kifaa inayoikatiza prosesa kwa muda ili kihudumiwe kwanza) nao hukwamishana. Uzi umeshika kufuli kwa spin_lock, diski inamaliza kazi, kikatizo kinaingia kwenye prosesa ileile kikilitaka kufuli lilelile. Kikatizo kinangoja kufuli. Uzi unangoja prosesa. Ndiyo maana upande wa uzi hutumiwa spin_lock_irqsave, inayozuia vikatizo vya prosesa hiyo mpaka kufuli liachiwe kwa spin_unlock_irqrestore.

Ukisema spinloku na muteksi wenzako watakuelewa, ila mimi napendekeza kufuli la kukesha na kufuli la kulala. Anayengoja la kwanza hukaa macho akilizungukia. Anayengoja la pili hulala akaamshwa. Majina hayo yanabeba na kanuni yake: ndani ya kikatizo usishike kufuli la kulala, maana kikatizo hakiruhusiwi kulala.