Barua kwa mwanangu: Anna Kingsley alikuwa mke au mtumwa?

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema ulikwenda kisiwa cha Fort George, karibu na Jacksonville, Florida, ukaiona nyumba ya Zephaniah Kingsley, ukaambiwa bibi mwenye nyumba alikuwa amenunuliwa sokoni. Unauliza: yule Anna alikuwa mke au mtumwa?

Alikuwa vyote viwili, na kilichobadilisha hali yake ni karatasi. Kingsley alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1765, akakulia Charleston, na mwaka 1803 akahamia Florida, wakati huo ikiwa ya Wahispania. Biashara yake ilikuwa mashamba, meli na watu. Mwaka 1806 alimnunua Havana binti wa Kiwolofu kutoka Senegal, Anna Madgigine Jai, mwenye miaka kama 13. Machi 1811 akamwacha huru kwa maandishi. Hati inamtaja Anna ana miaka kama 18, George miaka 3 na miezi 9, Martha miezi 20, Mary mwezi mmoja. Piga hesabu: George alizaliwa katikati ya 1807. Mama yake alikuwa mtoto.

Najua utasema kwetu pwani huyo ni suria. Karibu, lakini si sawasawa. Mtoto wa suria, bwana akimkubali, huzaliwa huru, na mama huwa huru bwana akifa. Kule mtoto alifuata hali ya mama. George na dada zake walikuwa mali ya baba yao mpaka alipotia saini. Hati ya ndoa hakuna. Kingsley alimwita mkewe, akawa na wanawake wengine pia, na watoto wao akawakubali.

Chini ya Wahispania mtu mweusi huru aliweza kumiliki ardhi na kwenda mahakamani. Mwaka 1812 Anna alipewa ekari 5 mahali paitwapo Mandarin, akawa na watumwa wake 12. Usiliruke hilo unapomsimulia. Mwaka 1813 wavamizi kutoka Marekani walipokaribia aliichoma nyumba yake mwenyewe wasiifanye ngome, na serikali ikamlipa kwa ekari 350. Mwaka uliofuata ndipo jamaa ikahamia Fort George.

Vile vibanda vya watumwa ulivyoviona vilikuwa 32, vimepangwa nusu duara. Kuta zake ni ndugu wa kuta zetu za chokaa. Sisi huchoma matumbawe; wao walichoma maganda ya chaza, wakachanganya chokaa, mchanga, maji na maganda mazima, wakashindilia ndani ya mbao, tabaka likikauka wanapandisha mbao juu. Maganda mabichi ya pwani yana chumvi, nayo huuharibu ukuta, kwa hiyo yalipendwa ya zamani yaliyokwisha kuoshwa na mvua. Shambani watu walilima pamba kwa ngwe, kwa kawaida robo ekari kwa siku. Aliyemaliza mapema alibaki na saa za kulima chake.

Mwaka 1821 Marekani ikaichukua Florida, na sheria zake zikawabana weusi huru. Kingsley akawahamishia jamaa zake Haiti, upande ambao leo ni Jamhuri ya Dominika. Alipofariki New York mwaka 1843, dada yake Martha McNeill alipinga wosia, akidai weusi hawawezi kurithi. Anna akarudi kudai haki, na mwaka 1846 mahakama ya wilaya ya Duval, Florida, ikampa. Mkataba wa 1819 baina ya Hispania na Marekani ulilinda haki za waliokuwa huru tangu enzi za Wahispania, na Anna alikuwa na hati yake ya 1811. Alifariki mwaka 1870.

Kizazi kipo. Abraham Lincoln Lewis, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya bima ya Afro-American mwaka 1901, alimwoa Mary Sammis, kitukuu cha Anna. Johnnetta Cole, aliyekuwa rais wa chuo cha Spelman, ni wa ukoo huo.

Ukitafuta mwenyewe, angalia majina: Zephaniah yupo baba na yupo mwana, wengi huwachanganya. Na si kila mweusi aitwaye Kingsley ni damu yake, maana walioachwa huru wengine walibaki na jina la bwana.

Katika watu wa shambani wamo wachache walioandikwa kuwa wametoka Zanzibar. Hao ndio wagumu. Orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 zinaandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali, bila majina yao. Anza na sensa ya 1870, ndiyo ya kwanza kuwataja wote walioachwa huru, kisha rudi nyuma kwenye mirathi ya Duval na makaratasi ya Kihispania ya St. Augustine. Ukiona neno linalofanana na Zinguibara, yaani Zanzibar, ninakilie ukurasa mzima, usinikatie mstari mmoja.

Mama yako