Bwana Miti Anajibu: Usikate Mti Kichwa

Barua za safari hii nyingi zimetoka Moshi mjini, na sababu naijua. Masika yako karibu. Mafundi wenye misumeno ya mashine wanapita geti kwa geti wakitafuta kazi, na kila mwenye mti mrefu ameanza kuutazama kwa hofu. Naanza na hilo.

Shikamoo Bwana Miti. Uani kwangu Shanty Town kuna mjakaranda mkubwa, tuliukuta tulipohamia. Fundi anasema tuukate kichwa ubaki nusu, usije ukatuangukia mvua zikianza. Anataka kuanza Jumamosi. Nimruhusu? (Mama Neema)

Marahaba mama. Usimruhusu. Mpigie leo, usingoje Ijumaa.

Donda la mti haliponi kama la ngozi ya mtu. Mti hauwezi kurudisha mbao iliyooza. Unachofanya ni kulizungushia donda ukuta kwa ndani, uozo usisambae, kisha unaotesha mbao mpya pembeni. Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi sana akilionyesha jambo hili. Tawi jembamba likikatwa mahali pake, ukuta huo unawahi kujengeka. Shina nene kama ndoo likikatwa katikati, haliwahi: maji yanaingia, uozo unateremka mpaka kiunoni.

Halafu kuna machipukizi. Majani ndiyo jiko la mti, na fundi wako ameliondoa jiko lote kwa asubuhi moja. Mti unatoa machipukizi kwa pupa, kumi mahali palipokuwa na tawi moja. Watu wanaona kijani wanasema umepona. Lakini machipukizi hayo hayakutoka ndani kwenye moyo wa mti, yameshikilia juujuu chini ya gome. Baada ya miaka mitatu au minne yamekuwa mazito, na kitako yanachokalia kimeoza. Kwa hiyo mti uliokatwa kichwa ili usianguke unakuwa hatari kuliko ulivyokuwa.

Nasema haya kwa uchungu. Nilipokuwa kazini katika manispaa moja, mstari mzima wa mikrismasi ulikatwa vichwa kwa siku mbili kabla ya ugeni fulani, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Mwaka wa nne, usiku wa mvua, moja ya yale matawi mapya lilichomoka na kuponda kibanda cha mama lishe. Ingekuwa saa sita mchana tungezika watu.

Ufanye hivi. Tafuta mtu atakayekubali kupogolea: aondoe matawi makavu, yanayosuguana, na yale yaliyolala juu ya bati. Kwa mwaka mmoja asiondoe zaidi ya robo ya majani. Pale tawi linapoungana na shina utaona uvimbe kama kola ya shati. Akate nje ya uvimbe huo, asiuguse, wala asiache kisiki kirefu kama kigingi. Tawi zito alikate mara tatu: kwanza achanje kwa chini, kisha akate kwa juu mbele kidogo ya hapo ili uzito uondoke, mwisho asafishe kisiki. Donda asilipake rangi wala oili chafu. Na mlipe kwa siku, kuni zibaki kwako. Fundi anayelipwa kwa kuni ana kila sababu ya kukata zaidi.

Mti uko nje ya ukuta wangu, kando ya barabara, unaziba bango la duka. Niliupanda mwenyewe. Naweza kuukata? (Majengo)

Hapana. Uliupanda kwenye hifadhi ya barabara, na ardhi hiyo si yako. Barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA tangu 2017, barabara kuu ni za TANROADS, na halmashauri inatunga sheria ndogo za mji wake kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Andika barua kwa mkurugenzi kupitia kwa mtendaji wa kata, usubiri jibu lenye muhuri. Ruhusa ya mdomo aliyokupa mtu barabarani haitakusaidia siku ukiulizwa. Na huhitaji kuukata. Omba matawi ya chini yainuliwe mpaka mita tatu hivi, bango litaonekana na wateja wako watabaki na kivuli.

Kwa madiwani wanaosoma hapa: pitieni faini zenu. Ikiwa faini ni ndogo kuliko bei ya mkaa utakaotoka kwenye mti, mkataji ataihesabu kama gharama ya kazi, atalipa na kuendelea.

Nipe orodha ya miti isiyopasua msingi wa nyumba.

Hili limeulizwa mara tatu mwezi huu, na kila mara muulizaji hasemi udongo gani, nyumba iko umbali gani, wala maji taka yanapita wapi. Bila hayo orodha haina maana. Nyufa nyingi ninazoonyeshwa ni za msingi mwembamba au udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, na mti unasingiziwa. Mizizi haipasui bomba zima. Inaingia kwenye bomba ambalo tayari linavuja. Ziba bomba. Fikasi na mikuyu iweke mbali kabisa na shimo la choo. Ukiwa na mita tatu tu, panda mpera, mstafeli au mkomamanga. Barua ijayo ije na vipimo.

Ndege wanachafua gari langu kila siku. Naomba ushauri wa kuukata mwembe. (Kiboriloni)

Hamisha gari.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kata. Kila mwaka tunapanda miche kando ya barabara, mingine kwenye mashimo yaleyale ya mwaka jana. Tunakosea wapi?

Ahsante kwa kusema ukweli. Wengine wananitumia picha za wageni rasmi wakiwa na koleo mkononi.

Mnakosea kwenye hesabu. Lengo la taifa ni kila halmashauri ipande miti milioni moja na nusu kwa mwaka, na lengo hilo limetufanya tuhesabu miche inayoingia shimoni. Kurudi kuhesabu iliyobaki baada ya miaka mitatu, hakuna anayetumwa. Mche wa mjini si wa msituni. Udongo wake umeshindiliwa na magari, mbuzi wanapita, bodaboda zinauegemea, na mtu wa mtaani anauchomea takataka miguuni. Ukivuka kiangazi cha tatu hapo ndipo uuite mti.

Kwa hiyo anzeni na daftari. Vijana wawili wenye simu na tepu ya fundi cherehani wanatosha kuanza. Waandike aina ya mti, mahali ulipo, mzingo wa shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini, na hali yake. Waende mtaa kwa mtaa, wasirukie barabara nzuri tu. Mji usio na daftari haujui umepoteza nini. Mkandarasi wa mtaro akikata mizizi upande mmoja wa mstari mzima, mti utakufa baada ya miaka miwili au mitatu, yeye keshaondoka, na hakuna karatasi ya kumdai.

Daftari litawaonyesha na jambo la pili: mnapanda aina zilezile. Miashoki kila geti kwa kuwa inakaa wima na haina usumbufu, na kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja. Mwaka 1990 Mmarekani Frank Santamour alipendekeza kanuni ambayo miji mingi inaitumia: aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, jenasi moja (kundi la aina zinazokaribiana) isizidi 20, familia moja isizidi 30. Sababu yake sisi tunaijua kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chawa wa saiprasi aliingia Afrika Mashariki, na nyua za saiprasi zilizokuwa fahari ya watu zikageuka kahawia. Aliyekuwa na saiprasi tupu alibaki uwanja mtupu.

La tatu ni fedha, na hapa siwaonei haya. Msipande mche ambao hamjautengea maji ya viangazi vitatu. Kama fedha zinatosha miche 200, pandeni 200. Kila mmoja uwe na jina la mtu: mwenye duka, fundi viatu, mwalimu wa zamu. Moshi inasifiwa kwa usafi, na usafi huo haukuletwa na siku ya kufagia mara moja kwa mwaka. Umeletwa na watu wanaofagia kila alfajiri na faini zinazodaiwa kweli. Miti ya Moshi inahitaji alfajiri hizohizo.

Kupaka mashina chokaa kunasaidia? Na misumari ya matangazo ina madhara?

Chokaa ni pambo. Kwenye miti ya barabarani kinasaidia dereva kuiona usiku, basi. Misumari ndiyo, ina madhara: kila mmoja ni mlango wa uozo. Mwenye chumba cha kupangisha abandike tangazo lake ukutani kwake.

Huku Kenya mugumo (mti wa jamii ya mkuyu, mtakatifu kwa Wakikuyu) wa Waiyaki Way, Nairobi, uliokolewa 2020. Je, huo si ushahidi kwamba miti ya mijini inalindwa? (Msomaji, Nakuru)

Nilifurahi sana siku ile, kaka. Mti wa zaidi ya karne moja, ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi unaukaribia, watu wakapaza sauti, na Novemba ikatoka amri ya rais kwamba usiguswe. Lakini miti mingine kwenye njia hiyohiyo ilikatwa, kwa kuwa haikuwa na umri wala heshima ya mugumo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kidete ghorofa la kutisha lisijengwe Uhuru Park, akatukanwa kwa ajili hiyo, na bustani ikabaki. Nawaheshimu wote waliosimama. Ila mti unaongoja shujaa au amri ya rais bado hauna ulinzi. Ulinzi ni pale mchoro wa barabara unapofika mezani ukiwa tayari umeonyesha kila mti, na mhandisi analazimika kueleza kwa maandishi kwa nini huu unaondoka. Nakuru ilipata hadhi ya jiji mwisho wa 2021. Dai hilo liwekeni sasa, kabla barabara hazijapanuliwa.

Shuleni kwetu kuna mkaratusi mkubwa umeanza kuinama. Walimu wanasema tusiukate, tutunze mazingira.

Kama umeanza kuinama hivi karibuni, ondoeni watoto chini yake leo. Mti uliokua umeinama tangu mdogo una njia zake za kujishikilia. Ulioinama mwaka huu mizizi yake inaachia. Tazameni ardhi upande wa pili wa mwinamo kama imepasuka au imeinuka, na kama kuna uyoga kwenye kitako. Mkiona kimojawapo, mwiteni afisa misitu, aandike ripoti, na ukatwe. Kutunza mazingira si kuuacha mti uue mtoto. Uliokatwa upandiwe wa badala, na usiwe mkaratusi, hasa kama kuna chemchemi au mto karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli zinazoharibu hifadhi ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, ziheshimuni.

Nimejenga Pasua, kiwanja mita 20 kwa 20. Nyumba imekula katikati, fundi anataka amalize pevingi uwanja wote. Mke wangu anataka mti. Tupande nini, na lini? (Kijana wa Pasua)

Msikilize mke wako, mwanangu. Kihamba cha babu yako mlimani kilikuwa na miringaringa juu, migomba katikati, kahawa na magimbi chini, na hakuna aliyeona joto. Mmeshuka mjini mmepanga vitofali toka geti hadi mlangoni, kisha mnanunua feni.

Panda mringaringa mmoja kwenye kona iliyo mbali zaidi na nyumba. Ni mti wa kwetu, una maua meupe, na nyuki wanaupenda. Kwenye mpaka weka masale kama wazee walivyofanya. Pevingi iishe mita mbili kabla ya shina, pande zote, na fundi asikubembelezee hata nusu mita. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya udongo wa mche, lisiwe na kina zaidi ya kimo cha udongo huo, maana mche uliozamishwa shingo unaoza. Chana kiriba uondoe plastiki yote, na mizizi iliyojizungusha chini ikate. Panda mvua za kwanza za masika zikishalowesha udongo. Kiangazi mwagia ndoo mbili kwa juma, polepole, jioni, kwa miaka mitatu.